Shangazi, wenzangu wanacheka juu ya barafu, mi nimejifungia ndani

Shikamoo shangazi,

Naomba unisaidie mawazo maana nimechoka, kila ninayemwambia ananijibu utazoea tu, utazoea tu, na sizoei. Mi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa na kukulia Tanga mjini, baba yangu mvuvi, sasa hivi niko Minneapolis, Marekani, na mume wangu na mtoto wetu wa kiume ana miaka 7. Nafanya kazi nyumba ya wazee shifti ya jioni, naingia saa tisa mchana natoka saa tano usiku, mume anafanya asubuhi ili mtoto asikae peke yake. Kazi haina shida na wazee wananipenda, shida yangu ni hii baridi.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili mi sio mtu shangazi. Asubuhi nikishampandisha mtoto basi la shule narudi kitandani, mapazia nimefunga, hita iko juu, niko na simu naangalia stetasi za watu wa nyumbani, huyu yuko Raskazone anaogelea, huyu yuko kwenye harusi, huyu anakula mihogo ya kukaanga na chachandu, naangalia tu mpaka muda wa kazi unafika naondoka. Nikitoka kazini ni giza. Wikiendi nikiwa ofu hata dirishani sisogei. Nimenenepa, nalala mno, mume anasema nimekuwa mkimya siku hizi.

Kilichonifanya nikuandikie ni mtoto. Theluji ikianguka anarukaruka kitandani anataka kutoka, na mi namwambia utaumwa kifua, kaa ndani. Juzi kaniuliza mama mbona ukiona theluji unakasirika, nikakosa jibu. Halafu kuna dada mmoja kazini, mzaliwa wa huku, kila mara ananialika twende ziwani wanakovua samaki kwenye barafu. Nimewaona hao watu nikipita na basi, wamekaa kwenye ndoo katikati ya ziwa lililoganda wanacheka, shangazi wanacheka kabisa, najiuliza hivi wanafurahia nini. Mwingine akaniambia nijifunze ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni, nikauliza bei nikanyamaza.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Naona kama nikianza kuifurahia hii winta ndio nimekubali kwamba kwetu ni huku na Tanga basi tena. Mama akipiga simu anauliza baridi vipi, namwambia inatuua mama, naye ananiambia pole mwanangu, vumilia, ipo siku utarudi. Nikimwambia leo nimefurahi sijui atajisikiaje. Nifanyeje, na kuna raha gani humu ambayo mtu asiye na hela nyingi anaweza kuipata?

Mama wa Tanga, Minneapolis

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole, barua yako nimeisoma yote na nikairudia.

Nianze na hilo la mwisho maana naona ndilo linalofunga hayo mapazia. Mama yako akikuuliza baridi vipi haombi aambiwe unateseka, anataka kujua mwanae yuko salama huko aliko, sasa kila siku ukimjibu inatuua unafikiri analala vipi? Mwambie mama leo tumecheza na mjukuu wako kwenye theluji, mtumie na picha, uone kama hatazungusha hiyo simu mtaa mzima. Tanga haikuachi kwa sababu umecheka Januari. Kurudi ni jambo la mipango, hela, shule ya mtoto, makaratasi, mtakaa na mumeo mtapanga, lakini kujinyima furaha hakusogezi safari hata siku moja. Na tangu Novemba hadi Aprili ni karibu nusu ya mwaka, yani nusu ya utoto wa huyo kijana inapita mama yuko nyuma ya pazia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko baridi yenyewe.

Mi nimekaa Minnesota, jimbo hilo hilo lako, muda mrefu kwa hiyo nakwambia vitu ninavyovijua kwa kuviishi. Watu wengi wetu tunaichukulia winta kama kitu cha kusubiri kiishe. Wale uliowaona wanacheka hawasubiri, wamejua kwamba kuna raha ambazo haziji mwezi mwingine wowote, na nyingi ni za bure.

Cha kwanza kabisa ni mwanga, na hapa shifti yako ni bahati ingawa hujaiona hivyo. Sisi kwetu jua linakaa kama saa 12 mwaka mzima, hatujawahi kuliwazia. Minneapolis kwenye tarehe 21 Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na jioni kama saa kumi na nusu linazama, siku nzima haifiki saa 9 za mwanga, na wewe saa tisa mchana unaingia kazini. Maana yake mwanga wako wote uko asubuhi, na ndio muda unaofunga mapazia! Mwanga ukiingia machoni asubuhi unauambia ubongo upunguze melatonini, ile homoni ya usingizi, usipoingia mwili unaendelea kudhani ni usiku, ndio huo usingizi usioisha na hamu ya kula mikate na vitamu. Na usidanganyike na mawingu, nje kukiwa na mawingu bado kuna mwanga mwingi zaidi, mara kadhaa, kuliko sebuleni kwako na taa zote umewasha. Kwa hiyo mtoto akishapanda basi usirudi ndani, hapo hapo ulipo tembea nusu saa ukiwa umevaa vizuri, ndio urudi upike chai.

Na hili nakwambia kwa upendo, hizo dalili ulizoandika, kulala mno, kunenepa, kunyamaza, zinazorudi kila mwaka majira yale yale, madaktari wana jina lake tangu 1984, seasonal affective disorder, yani huzuni ya majira, na lina matibabu, sio uvivu na sio imani kupungua. Nenda kwa daktari wako mwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi. Muulize kuhusu taa maalumu ya mwanga mkali ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), watu wanakaa nayo dakika 20 hadi 30 asubuhi, lakini muulize kwanza hasa kama una tatizo la macho. Mwambie akupime na vitamini D, ngozi zetu nyeusi zinaitengeneza taratibu na jua la huku winta liko chini mno halisaidii. Na ikitokea siku moyo umekuwa mzito mpaka unaona bora usiwepo, piga 988, namba ya msaada kwa waliokata tamaa, saa yoyote, usiku wa manane piga, usisubiri kupambazuke.

Sasa nguo. Wengi wetu tunachukia baridi kumbe tunachukia kuvaa vibaya. Pamba usiivae ya kugusa mwili, ukitoka jasho inashika maji na hapo ndio unaganda, vaa ndani kitu cha sufu au zile nguo za kubana za winta, katikati sweta zito, juu jaketi linalozuia upepo. Buti zisikubane, nunua zenye nafasi ya soksi nene, mguu uliobanwa damu haipiti na lazima uwe wa baridi hata buti iwe ya bei gani. Mikononi chukua zile glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, vinapeana joto. Na usiende dukani kununua vipya, nenda kwenye mitumba, huku watoto wanakua haraka kwa hiyo makoti ya watoto yanafika mtumbani yakiwa kama mapya. Mtoto wa Tanga asiyejua kuchagua mtumba simjui mimi.

Kuhusu kifua cha mtoto, mafua yanaletwa na virusi, na watoto wanaambukizana zaidi wakiwa wamefungiwa ndani pamoja kuliko wakicheza nje. Shule nyingi za huku zenyewe zinawatoa watoto nje mapumziko hata barafu ikiwepo. Kinachotakiwa ni kuangalia kipimo cha baridi pamoja na upepo kabla ya kutoka, kikifika karibu digrii 28 chini ya sifuri za selsiasi ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, siku hiyo kaeni ndani bila kubishana. Januari 2019 Minneapolis ilishuka mpaka kwenye 33 chini ya sifuri, hapo upepo haujahesabiwa, hakuna aliyetuona nje. Lakini siku za namna hiyo ni chache mwanangu, siku nyingi zinavalika.

Haya, raha zenyewe. Siku theluji ikianguka usiku, amka mapema utoke na mtoto kabla magreda ya kuondoa theluji hayajapita. Simama tu. Utasikia kimya ambacho mji hauna siku nyingine, maana theluji mpya imejaa nafasi za hewa ndani yake na inameza sauti, magari ya barabara kubwa huyasikii, unasikia buti zako tu, na baridi ikiwa kali theluji inalia kwa chini kila ukikanyaga. Muoneshe mtoto nyayo, sungura kapita hapa, kindi kapita pale kapanda mti, mfuatane nazo muone zinaishia wapi, mi mpaka leo sijachoka na hilo. Tundika na chombo cha mbegu za alizeti nje ya dirisha, mwenye nyumba akikubali, kuna ndege mwekundu kabisa anaitwa cardinal, haondoki winta, anakaa, na ukimuona kwenye ule weupe asubuhi kikombe kiko mkononi utajua kwa nini nakwambia ufungue mapazia.

Asubuhi za baridi kali zenye anga safi tazama upande wa jua, sio jua lenyewe, pembeni yake. Utaona madoa mawili ya mwanga, moja kushoto moja kulia, yana rangi rangi kama upinde wa mvua, utadhani kuna majua matatu. Ni vipande vidogo vya barafu viko hewani vinapinda mwanga. Tanga hatujawahi kuviona na watu wengine wa huku wanapita chini yake kila mwaka hawainui kichwa.

Na mtoto akitaka kitu cha kutengeneza, hiki hakigharimu kitu. Chukueni ndoo ndogo, jazeni maji, wekeni nje usiku. Maji yanaganda kuanzia juu na pembeni, katikati na chini yanachelewa. Kesho yake iingizeni ndani ikae kidogo mpaka ndoo iachie, ipindueni, toboeni pale palipo laini, mwageni maji ya katikati, mmebaki na taa ya barafu, tieni mshumaa na muiweke mlangoni. Hapo sasa ukitoka kazini saa tano usiku unakuta mwanao amekuwashia taa, baba yake akubali tu kuiwasha kabla hujafika maana mtoto atakuwa amelala. Povu la sabuni nalo, lile la kupuliza, siku ya baridi kali likitua kwenye theluji linaganda taratibu na kuchora maua, mtoto atataka mrudie mpaka vidole vife ganzi, mrudishe ndani kabla.

Ski achana nayo, ukitaka siku za mbele utajifunza. Nunua sahani ya plastiki ya kutelezea, bei yake ndogo, nendeni Powderhorn Park, kuna kilima ambacho watoto wa kila kabila wanashuka wanapiga kelele. Na usikae juu unamshikia koti, panda nawe ushuke, mtu hawezi kuteleza kilima kizima akiwa amenuna. Viwanja vya barafu vya bustani za mji navyo vina vibanda vya kuotea moto na viatu vya kuteleza wanaazimisha bure, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Desemba mpaka Februari kutegemea hali ya hewa. Utaanguka, kila mtu anaanguka.

Siku ukiwa na hamu ya kwenu mpaka koo limekaba, nenda Como Park pale Saint Paul, mji wa jirani, kuna nyumba ya vioo ya mimea iliyofunguliwa 1915, kuingia ni bure ukiwa na kidogo unachangia. Nje kila kitu kimeganda, we unafungua mlango unapokewa na joto la unyevu na harufu ya udongo, minazi minazi hivi juu yako, migomba. Vua koti kaa kwenye benchi. Kule ukilia hakuna anayekuuliza.

Halafu jikoni. Mwanangu, chai ya tangawizi Tanga saa saba mchana unakunywa huku jasho linakutoka, si kweli? Kwenye theluji ndio utajua ladha yake, umetoka nje mashavu yanachoma umeshika kikombe kwa mikono miwili. Supu ya kongoro iliyochemka toka asubuhi, uji wa ulezi, pilau lenye mvuke mpaka madirisha yanafunga ukungu na mtoto anachora kwa kidole. Watu wa Makete na Njombe wanalijua hili siku nyingi, Juni na Julai kwao kuna baridi ya kuumiza na ndio majira ya kukaa kuzunguka jiko na kuongea mpaka usiku. Sasa usile peke yako. Minneapolis imejaa watu wetu, Wakenya, Wakongo, Wasomali, Watanzania wenzako, na nusu yao hivi sasa wamejifunika blanketi kama wewe wanaangalia stetasi. Jumamosi moja ya ofu yako pika sufuria kubwa, waite watu, kila mtu aje na chakula kimoja na soksi nene. Winta ndio majira ya kutembeleana huku, kiangazi kila mtu anakimbilia shifti za ziada na safari hupati mtu.

Nikupe na historia kidogo. Mwaka 1885 mwandishi mmoja wa gazeti la New York aliandika kwamba Saint Paul ni Siberia nyingine, winta hapafai binadamu kuishi. Watu wa Saint Paul hawakuandika barua ya kujitetea, 1886 wakaanzisha tamasha la winta wakajenga na jumba zima la barafu, na hilo tamasha lipo mpaka leo, mwisho wa Januari, nenda na mtoto mkaangalie sanamu za barafu. Mi napenda sana jibu lao lile. Waliambiwa hapafai, wakatoka nje wakacheza.

Nimeacha ziwa makusudi mpaka hapa. We ni mtoto wa mvuvi. Baba yako hajawahi kugombana na kusi, ikivuma anajua leo ni siku ya kushona nyavu, na anajua kila upepo una samaki wake. Hao uliowaona kwenye ndoo ni wavuvi kama yeye, wanatoboa tundu wanashusha uzi, wanasubiri, wanapiga stori, wanakunywa kahawa ya chupa, wakipata samaki wanakaanga, wasipopata wamekaa juani na marafiki. Hicho ndicho wanachofurahia. Barafu ikiwa safi na ngumu, inchi 4, kama sentimita 10 hivi, inabeba mtu kwa miguu, lakini haiwi sawa ziwa zima kwa hiyo msiende wenyewe, nendeni na huyo dada anayelijua ziwa na anayepima kabla ya kukanyaga. Mtu mzima anahitaji leseni ya uvuvi, mtoto chini ya miaka 16 hahitaji. Usishtuke ukisikia barafu inaguna chini yako kwa sauti nzito, inatanuka na kusinyaa, huyo dada atakueleza ipi ni ya kawaida.

Na siku hiyo mpigie baba yako simu ya video ukiwa hapo hapo. Muoneshe tundu, muoneshe uzi, muache aulize, wanavulia chambo gani, kina ni mita ngapi, samaki gani huyo, baba mvuvi akiona watu wanavua bila ngalawa juu ya maji yaliyosimama hamtakata simu mpaka chaji iishe. Mpe mjukuu aongee naye.

Vibanda vya uvuvi huwa vinatakiwa kuondolewa ziwani mwanzoni mwa Machi na barafu ya mwisho wa msimu sio ya kuaminika, kwa hiyo usimwambie huyo dada tutaona. Ukimkuta kazini jioni ya leo muulize Jumamosi anatoka saa ngapi, na kama ana ndoo ya ziada ya kukalia mtoto.

Shangazi